Nilikiri Sukari Ambayo Sikuitia

Siku nilipotia sukari kwenye mkojo wa mzee wa kanisa, nilicheka hadi mbavu zikauma.

Siku hiyohiyo nilimuua mama yangu.

Mnisamehe kwa kuanza vibaya. Sijui pengine pa kuanzia.

Ilikuwa 2002, kambi ya Dzaleka, Malawi. Vita vilitutoa Uvira, vikambakiza baba huko ardhini. Tukabaki watatu: mama, dada yangu Orpa, na mimi Divin, miaka kumi na sita, kichwa maji.

Kanisa lilinilipia shule ya bweni upande wa Mponela. Huko nilijifunza Kiingereza, hesabu, na namna ya kufanya uhuni huku uso wangu ukiwa kama wa mtu aliyefiwa.

Likizo ile nikakuta kampeni. Nesi Sabine, Mrundi, mkimbizi mwenzetu aliyefanya kazi kliniki ya kambi, alikuwa anazunguka makanisani kupima ugonjwa wa sukari. Kila mtu mzima alipewa kichupa. Ujaze mkojo wa asubuhi, uandike jina, ulete ibadani, uweke kwenye kreti nyuma ya kanisa. Baada ya ibada Sabine angechovya vijikaratasi vyake. Kikibadilika rangi, una sukari.

Jamani. Mniweke mimi karibu na kreti ya mikojo halafu mtegemee utakatifu?

Ombi la Mzee Gaspard lilikuwa refu kuliko safari ya kutoka Kongo. Macho yote yamefumbwa. Nikachota sukari ya glukosi iliyowekwa kwa kinywaji cha wageni, nikatia kwenye chupa tatu. Ya Gaspard mwenyewe. Ya Jean-Baptiste, kiongozi wa kwaya aliyenifukuza kwayani eti nina sauti mbaya. Na ya Mama Epiphanie, kwa sababu tu ilikuwa karibu.

Nikarudi kwenye benchi. Nikasema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sabine akapima mbele ya watu. Karatasi ya Gaspard ikageuka rangi hadi akaisogeza dirishani aione vizuri.

"Muzee, unakunywaka nini?"

"Mi? Maji na Neno la Mungu!"

Watu wakaangua kicheko. Jean-Baptiste, sukari. Epiphanie, sukari, akaanza kulia papo hapo.

Halafu Sabine akachukua chupa ya nne.

"Mama Orpa. Sukari."

Huyo ni mama yangu.

Nikaacha kucheka. Chupa ya mama sikuigusa. Hata sikuiona kwenye kreti.

Sabine akainua chupa ya Gaspard kwenye mwanga. Chini kulikuwa na punje.

"Nani ametia sukari humu?"

Shingo zote ziligeuka upande wangu. Sifa ya mtu hutangulia.

"Ni mimi," nikasema, uso wa maziko.

"Chupa ngapi?"

Hapo ndipo mama aliponiangalia.

Lazima mjue kitu kimoja. Faili letu la kuhamishiwa nchi ya tatu, mbali na Kongo na Malawi, lilikuwa limefika mbali. Mahojiano yalikuwa yanakaribia. Na kambini kila mtu alijua kwamba mgonjwa hapandi ndege. Familia ya Mulenda ilikataliwa, watu wakasema ni kifua cha mtoto wao. Ukiandikwa ugonjwa, umeandikwa Dzaleka milele.

Macho ya mama ndiyo yaliyoniomba.

"Zote nne," nikasema.

"Hata ya mama yako?"

"Hata yake."

Mama akavua sandali, akanitandika nayo mgongoni mbele ya kanisa zima.

"Shetani we! Unataka batu baseme mi niko mugonjwa?"

Alikuwa anacheka. Watu wote walikuwa wanacheka. Hata mimi.

Sabine hakucheka. "Wote wanne, kesho kliniki. Tunapima upya, damu ya kidole."

Watatu wakaenda. Wazima kabisa. Mama hakwenda.

Sabine akaja hadi nyumbani, mara mbili, kwa miguu, akiwa na mashine yake kwenye mkoba.

"Mama Orpa, ni kidole tu. Hii ugonjwa haiuwi mutu anayejua iko nayo. Kuna dawa, kuna namna ya kula. Inauwa yule anayejificha."

"Nesi, mutoto alishasema ni yeye. Kunywa chai."

Mimi nilikuwa nimeketi hapohapo, nikimenya maharage. Neno moja tu lingetosha. Sikulisema. Nikajiambia mama ana nguvu, anashona kutwa nzima, ana ugonjwa gani huyo?

Nikarudi shule.

Likizo iliyofuata sikumtambua. Gauni lilikuwa linamvaa yeye. Alikunywa maji kama radieta inayovuja, akienda chooni kila mara, na pale alipomwaga ndoo ya usiku sisimizi walifuatana kwa mstari. Mguuni alikuwa na kidonda cha sindano ya cherehani kilichokataa kupona.

"Mama, twende kwa Sabine. Leo."

"Entrevue ya faili ni mwezi ujao, Divin. Tukipita tu, nitaenda. Nitapima mpaka nywele."

"Mama, ile siku mi..."

"Nyamaza. Enda kuteka maji."

Nikaenda kuteka maji. Mimi, niliyekuwa sitii mwalimu wala mchungaji, siku hiyo nikatii.

Wiki mbili baadaye alianguka juu ya cherehani. Pumzi yake ilinukia kama matunda yaliyooza. Mwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, alisukuma, mimi nikamshikilia mama kwenye kiti hadi kliniki. Sabine alimtoboa kidole, akaangalia namba, akapiga kelele gari liwashwe.

Hospitali kubwa ya Lilongwe walimtundikia maji na insulini. Orpa, aliyekuwa akishona mtaa wa Kawale mjini humo, akaja na uji. Jioni ya kwanza mama akafumbua macho. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nilidanganya. Chupa yako sikuitia kitu."

"Najua."

"Unajua?"

"Chupa yangu ilikuwa mu sakoshi yangu, hapa begani. Nilikuwa na haya, mi siwezi kuweka mukojo yangu pale banaume bote banaona. Niliweka wakati wa mwisho, Sabine akiwa anafungua. We ungetia sukari saa ngapi?" Akatabasamu kidogo. "Nilijua unadanganya, mwanangu. Nilitaka unidanganye."

Kesho yake, saa nne asubuhi, akaenda.

Tulimzika Dzaleka. Mzee Gaspard aliomba. Safari hii ombi lilikuwa fupi mno.

Mahojiano yakafika. Mimi na Orpa tukaketi mbele ya mama mmoja Mzungu, na Akilimali, mkalimani wa kambi, akitafsiri.

"Mama yenu alikufa kwa nini?"

"Sukari," Orpa akajibu.

"Alikuwa anatumia dawa?"

"Hapana. Aliogopa faili litakataliwa."

Akilimali akatafsiri. Yule mama akaweka kalamu mezani. Akasema maneno machache. Kiingereza nilikuwa nakijua, nikaelewa kabla ya Akilimali kufungua mdomo, lakini nikamwacha atafsiri, labda nilisikia vibaya.

"Anasema sukari haizuie mutu kusafiri. Wangeandika tu kwamba atahitaji dawa." Akilimali akashusha macho. "Anauliza, nani aliwaambia inazuia?"

Orpa akanitazama. Mimi nikatazama meza.

Hakuna aliyetuambia. Kila mtu alituambia.

Sasa, mliosoma hadi hapa, msinitumie pole, siziwezi. Mtu wako akinywa maji bila kukata kiu, akikonda na anakula, kidonda kikimkatalia, mpeleke akapimwe leo, kidole kimoja tu. Mambo ya faili kaulize kwa mwenye faili, siyo kwenye foleni ya maji.

Na akikuangalia kwa macho ya kuomba uongo, hata kama ndiye aliyekuzaa, mnyime.