Plau niliyoifunga Galu, na kina mama waliofukuzwa kwa sababu yangu

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, ingawa humu naona ni wachache. Wengine hamjambo.

Nimesoma mtu akiuliza afunge zana gani kwenye trekta ili atengeneze uwanja wa nyasi nyumbani kwake Diani. Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikashindwa. Nitaeleza yote kama yalivyokuwa, hata yale yanayonitia aibu.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Hoteli ndiyo kwanza zinaanza kujengwa huku Galu, jirani na Diani. Mimi nilikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa upande wa Ramisi, nikaitwa kwenye hoteli moja mpya nitayarishe ardhi ya nyasi mbele ya vyumba.

Aliyenipeleka kwa meneja ni shangazi yangu Mwanamisi, dada yake baba. Alikuwa msimamizi wa kina mama saba wa kijiji cha jirani, Mwabungo, waliopewa kazi ya kupandikiza nyasi kwa mkono na kuzimwagilia.

Nyasi zikishika, wote waandikwe kazi ya kudumu. Zisiposhika, waende zao. Meneja alilisema hilo mbele yetu sote.

Stoo kulikuwa na zana tatu. Plau ya sahani, ambayo hupindua udongo. Haro, ya kuvunja mabonge. Na bapa, kile chuma kipana kinachofungwa nyuma ya trekta kusawazisha ardhi.

Shangazi alinijia na jembe lake begani.

"Mwanangu, hapa udongo mweusi ni shibiri moja tu. Chini ni mchanga mweupe na matumbawe. Usipindue. Paruza tu."

Nikacheka. Nilikuwa na kiburi, wacha niseme. Kule kwenye miwa, dereva anayechimba juujuu alichekwa kambi nzima. Sifa yetu ilikuwa kwenda chini.

Nikamwambia, "Shangazi, wewe shughulika na majani, chuma niachie mimi."

"Haya, fundi," akasema, akaenda zake.

Nikafunga plau. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimepindua uwanja mzima. Matumbawe yakatoka mengi ajabu, nikashuka kila mara kuyaokota. Nilipogeuka kutazama nilikotoka, ardhi ilikuwa nyeupe.

Lo! Ule udongo mweusi wote nimeuzika chini.

Ningesema siku ile, lingekuwa kosa la siku moja. Sikusema. Nikafunga haro, nikavunjavunja, kisha nikapitisha bapa mara tatu. Uwanja ukanyooka kama sakafu. Meneja alikuwa mtu wa vyumba na jikoni, udongo hakuujua. Akanipa mkono wa pongezi.

Kina mama wakapanda. Kila alasiri walibeba maji kwa madebe kutoka kisimani, na mchanga ukayanywa yote. Wiki ya tatu nyasi zikageuka manjano, halafu zikakauka.

Meneja akaja amekasirika. Akasema hawamwagilii, wanapiga soga tu.

Shangazi akamjibu, "Twamwagilia, bwana. Tazama mikono yetu."

Hakuitazama. Akawaambia waondoke siku ile ile, pamoja na shangazi.

Mimi nilikuwa hapo hapo kando ya trekta. Shangazi akanitazama. Nikainama nikajifanya nakaza nati ya bapa. Nati yenyewe ilikuwa imekaza.

Wakaenda.

Siku chache baadaye nikamshauri meneja tulete udongo mweusi kwa trela kutoka bara. Sikumwambia kwa nini. Safari hii plau sikuigusa kabisa. Nilitandaza udongo kwa bapa, nikapitisha haro kidogo tu, kisha nikaburura boriti kwa mnyororo kulainisha. Wakaja watu wengine kupanda, na nyasi zikashika.

Kazi ya kudumu nikaandikwa mimi. Nilikaa pale miaka mingi.

Wale kina mama walitoka na jina baya la uvivu, na hakuna hoteli iliyowataka. Shangazi alirudia kusuka makuti. Nikimpa shikamoo aliitikia marahaba, akaniulizia watoto, basi. Roho iliniuma kila mara.

Alipougua nilikwenda kumwomba radhi. Nikaanza, "Shangazi, ile plau..."

Akanikata. "Nilichimba kwa jembe wiki ile ya kwanza, nikaukuta udongo wetu chini. Nilijua. Siku ile mbele ya meneja nilikuwa nakungoja wewe useme."

Nikamuuliza mbona hakusema mwenyewe.

"Nikuaibishe mtoto wa ndugu yangu mbele ya watu?"

Nililia mbele yake, mtu mzima mimi. Hakuchukua wiki mbili, akafariki.

Sasa wewe uliyeuliza. Kabla ya kufunga chochote, chimba kwa jembe mahali kadhaa utazame udongo mzuri umefika wapi. Ukiwa mwembamba, plau iache stoo. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, kabla hajabebeshwa mwingine.

Wakuu, kati ya wale kina mama, wawili wangali hai hapo Mwabungo. Walikuwa wasichana wakati ule. Kila Ijumaa napita kuwajulia hali, na mpaka leo wanaamini ni maji yao yaliyokuwa machache.

Nishaurini. Niwaambieje?