Fundi anayetafuta uzi usiotengenezwa tena

Saa tatu asubuhi, mlango wa sebule uko wazi kuingiza mwanga, na Bi Lebo anazungushia uzi mweupe kwenye penseli. Anazungusha taratibu, kila mzunguko ukigusana na mwenzake, hadi anafikia alama aliyoichonga kwa kisu. Anahesabu mizunguko kwa midomo, bila sauti; ndivyo anavyopima unene wa uzi. Ukimsemesha sasa hivi utaambulia jicho tu.

"Ishirini na tisa," anasema hatimaye. "Ule wa zamani ulikuwa ishirini na nane. Basi, nimeridhika."

Uzi huu unaondoka leo kwenda kwa mwenyewe. Fundi ana miaka sitini na mitatu na amefanya kazi hii zaidi ya nusu ya umri wake, lakini leo hata chai imemshinda kwa kiherehere.

Watu humletea michoro ya kroshia ya enzi za mama na bibi zao, inayotaja nyuzi ambazo viwanda vimeacha kuzitengeneza. Yeye hutafuta uzi wa sasa wa kushika nafasi hiyo. Ukikosea unene kidogo tu, kitambaa cha meza kinakuwa cha stuli.

Jina la utani alipewa na majirani kwa sababu hatupi lebo ya uzi. Anazo zaidi ya mia nne kwenye mikebe ya biskuti, na kila moja humwambia bonge lake lilikuwa na gramu ngapi na mita ngapi. Mumewe, mstaafu mpole, ameshakubali yaishe.

"Humu ndani lebo ndio wenye nyumba," ananiambia. "Mimi mpangaji."

Kazi za namna hii hazizidi kumi na mbili kwa mwaka. Chakula cha nyumbani hutoka kwenye sweta za watoto wachanga. "Sweta zinanilisha," anasema Bi Lebo. "Hizi nyingine ni maradhi yangu."

Maradhi ya mwaka huu yaliletwa na mwalimu wa shule ya msingi, yakiwa ndani ya foronya: nusu ya shuka la kitanda lililofumwa ndege safu kwa safu, mchoro wake uliochakaa, na lebo moja. Mama wa mwalimu alilianza kabla hajamzaa. Uzi ukatoweka madukani, akalifungia sandukuni, hakushika sindano ya kroshia tena. Sasa ana miaka sabini na minane, na miezi saba iliyopita kiharusi kilimpoozesha mkono wa kulia.

"Mama alikuwa anakaa tu, anautazama ule mkono," anasimulia mwalimu. "Siku moja akanionyesha sanduku. Nikaelewa kwamba anataka kuliona limekwisha angali hai."

Bi Lebo alidhani ni kazi ya wiki mbili. Alipata uzi wenye unene uleule na uzito uleule, akafuma kipande cha majaribio, akakiweka kando ya shuka. Wapi! Cha kwake kilikuwa kimekaza, na shuka lilikuwa limelegea na kulala vizuri. Akautupa uzi kapuni, akatafuta mwingine, na mwingine. Alijaribu nyuzi tano.

"Miezi miwili nausingizia uzi," anasema, akijipiga paji la uso. "Nimewatukana watengenezaji wote, Mungu anisamehe."

Kilichomfumbua macho ni ndege. Kwenye mchoro wanatazama kulia. Kwenye shuka wanatazama kushoto. Mara zote alidhani analitazama upande wa nyuma. Asubuhi moja akapapasa vifundo vya kuungia uzi, ambavyo kila mfumaji huvificha nyuma, akakuta viko upande wa pili. Maana yake alikuwa anatazama mbele, na ndege wamegeuka kweli, kama wanavyogeuka mchoro ukifumwa kwa mkono wa kushoto.

Akahamisha sindano mkono wa kushoto. Akafuma vibaya, kama mtoto anayejifunza kula mwenyewe, kwa ule uzi wa kwanza alioutupa. Msokoto wa uzi, ambao mkono wa kulia ulikuwa unaukaza, ukalegea. Kipande kikafanana na shuka.

Akampigia mwalimu simu papo hapo: "Mwanangu, mama yako ni wa kushoto!"

"Nikamwambia haiwezekani," anasema mwalimu. "Mama anaandika kwa kulia, anakula kwa kulia. Nikaenda kumuuliza. Alilia, halafu akacheka, halafu akalia tena."

Utotoni alichapwa shuleni mpaka akahama mkono. Kufuma alijifunza mwenyewe, chumbani, mlango umefungwa. Hata mumewe hakuwahi kujua.

Bi Lebo angeweza kulimaliza shuka hilo kwa wiki sita na kulipwa fedha zote. Amekataa. "Mkono wake mzima upo," anasema. "Nikifuma mimi, nitakuwa nimemnyang'anya."

Badala yake ameshona mto mdogo wenye kamba, wa kufungwa kwenye mkono wa kiti ili ushikilie shuka. Na amenunua mabonge yote kumi na moja yaliyokuwa dukani, asije akachezewa tena na viwanda.

Tunapofika, mwalimu anatukaribisha ndani. Mama mzee amekaa karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala mapajani.

"Shikamoo, mama," anasema Bi Lebo.

"Marahaba." Ulimi wake bado mzito. Anachukua uzi, anausugua kwa vidole vya kushoto, muda mrefu. "Si wenyewe."

Bi Lebo anaukumbatia ule mto mdogo.

"Lakini ni ndugu yake," anamalizia mama mzee.

Bi Lebo anafunga mto huku anafuta machozi kwa bega. Mpango wake ni kuja kila Jumamosi kutazama safu zilizoongezeka. Anasema hajawahi kumwombea mteja asimhitaji, ila huyu anamwombea.

Mama mzee anashika sindano, kisha anautazama mlango ulio wazi. Mwalimu anaelewa. Anainuka haraka kwenda kuufunga.

"Uache wazi," anasema mama yake, na kuvuta uzi.