Marashi Kwenye Beringi

Juzi fundi alifungua pampu ya kisima changu, beringi ikatema maji ya kutu. "Maji yaliingia, mama," akasema. Papo hapo nikasikia harufu ya marashi, na marashi hayakuwapo.

Kabla ya uhuru baba alikuwa na mashine ya kupasulia mbao pale Likoni, na beringi zake zilikufa kila mara. Ikifa moja, baba huutazama ua wa jirani yetu, Bwana Faki. "Hasidi yule." Basi bibi yangu huandika kombe la kinga, aya kwa zafarani ndani ya sahani, akaisuuza kwa maji ya marashi na kuimwagia mashine palepale penye beringi.

Alasiri moja Bwana Faki alisimama mlangoni, vumbi la mbao likimtua kofiani. "Wallahi, jirani, punguzeni maji hayo. Yanaosha grisi."

Baba alingoja aondoke. "Mmemsikia? Kinga imemchoma!"

Niliamini. Nilimwona Bwana Faki akivuja jasho, nikajua ni mchawi. Leo najua lilikuwa jua tu.

Jioni ile bibi aliandika sahani mbili.