Siku nilipomhamisha Minayo apige softball kushoto, na mama yake akaniuliza swali moja

"Mwalimu, nijibu tu hili moja. Huyu mtoto anapiga na mkono gani?"

Wakuu, niaje. Hilo swali niliulizwa Soko la Toi, katikati ya mitumba, na nikalijibu vibaya. Wakati huo sikujua ni vibaya.

Picha sina. Miaka ya tisini kamera ilikuwa ya harusi. Lakini nilikuwa hapo uwanjani, na nilipiga kelele mpaka sauti ikanipotea, so ushahidi wangu ni huo.

Mimi ni wa Kawangware. Plot ya mzee wangu ilikuwa upande wa Riruta. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya migomo, tukarudishwa nyumbani, na nyumbani nilikuwa nachosha watu. Mama aliniita Kwa Nini, maana ndilo neno nililoamka nalo. Kwa nini geti inafungwa mchana? Kwa nini pasta haulizwi maswali?

Siku moja akachoka. "Kwa Nini, tafuta kazi ya kufanya kabla sijakutafutia."

Nikapata. Kanisa moja Kibera lilikuwa na timu ya softball ya wasichana wa primary, coach hakuna. Mimi nilikuwa nimecheza high school.

Kwa wale hawajui huu mchezo: unarushiwa mpira, unaupiga na bat, unatimua mbio ufike first base kabla mpira haujafika. Ukichelewa, uko out. Hiyo inatosha kwa uzi huu.

Hapo ndipo nilimkuta Minayo. Class Eight, anaishi Mashimoni, mwembamba hadi ungedhani jezi ndiyo imemvaa yeye. Lakini mbio? Wakuu! Sijawahi kuona. Shida ni kwamba hakuwa na nguvu ya kupiga. Mpira wake ulibingirika tu kwa vumbi, mtu anauokota, anaurusha, na Minayo anafika first base amechelewa kidogo. Kila mara, kidogo tu. Ilikuwa inauma kutazama.

Na kulikuwa na jambo kubwa. Mwalimu wa michezo wa shule fulani ya bweni alikuwa anakuja kuona mechi yetu na Kawangware. Alitaka wasichana wachache wa Form One, na akikuchagua, nafasi unayo. Minayo asipochaguliwa, mama yake alikuwa ameshaamua: ataenda ushago Maragoli kuishi na nyanya yake.

"Nyanya nampenda, coach," aliniambia. "Lakini kule nitashindana mbio na nani? Ng'ombe?"

Sasa Kwa Nini akaanza kazi yake.

Kwa nini wote tunasimama upande mmoja? First base iko upande wa kulia ukiangalia uwanja. Anayepiga kulia husimama upande wa mbali, na akimaliza kupiga mwili wake umegeukia kwingine kabisa. Anayepiga kushoto husimama upande wa karibu, na akimaliza kupiga tayari anaangalia njia. Hatua kama mbili hivi, za bure! Na Minayo alikuwa anachelewa kwa moja.

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kesho yake nikamhamisha.

"Coach, si huku ni kwa watu wa mashoto?"

"Kuanzia leo wewe ni shoto."

Maskini. Alipiga hewa. Alipiga vumbi. Siku moja bat ilimtoka, ikaruka, ikanikosa kidogo. Wenzake wakamwambia, "Minayo, unafukuza nzi?"

Kitu kimoja cha ajabu. Mlinzi wa uwanja alikuwa ametupa sharti: kabla ya kucheza, mkate nyasi. Slasher ilikuwa moja, na Minayo ndiye aliipenda. Aliishika mkono wa kulia, na pigo lake kali lilikuwa lile la kurudisha, kutoka kushoto kwenda kulia. Fyuu! Nyasi zinalala. Basi siku akikata nyasi kwanza, kushoto kulikubali. Mpira ulitoka kwa bat ukiwa na hasira. Nilidhani ni mwili umepata joto. Mimi Kwa Nini mzima, hapo sikuuliza kwa nini.

Habari zikamfikia mama yake. Nikaitwa Toi, alikokuwa anauza sweta za watoto. Minayo alikuwa nyuma yake anakunja.

"Mwalimu, karibu, kaa. Nasikia unamfundisha mtoto wangu mkono mbaya."

"Si mbaya, Mama Minayo. Ni wa haraka."

"Haraka ya kwenda wapi? Kwetu hata maji hupokei na kushoto. Ukimpa mtu kitu na huo mkono, umemtukana. Sasa akizoea, aende kwa wakwe asalimie watu na huo, watasema nani alimlea? Watasema wewe?"

Nikaanza kueleza zile hatua mbili. Akainua kiganja.

"Nijibu tu hili moja. Huyu mtoto anapiga na mkono gani?"

"Kushoto," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma.

"Basi hatacheza."

Wakuu, mechi ilikuwa Jumamosi hiyo hiyo! 

Ndipo Minayo akasema, bila kuinua uso kutoka kwa sweta, "Lakini mama, huo mpira mimi siusalimii. Nauchapa."

Mama wa meza ya jirani ndiye alianza kucheka.

"Na tunaocheza nao ni Kawangware," Minayo akaongeza. "Kwani Kawangware ni wakwe?"

Mama Minayo alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Alicheka mpaka akapangusa macho na sweta ya kuuza.

"Haya. Kama ni kutukana Kawangware, huo mkono unatosha. Lakini kula, kupokea na kusalimia ni kulia. Nikikukamata, utajua mimi ni nani."

Kisha akanigeukia. "Na Jumamosi nakuja kuona."

Mimi wa Kawangware nikajifanya nachagua sweta.

Jumamosi, uwanja wa Riruta, umejaa. Majirani zangu wananiona nikiwa na timu ya Kibera. "Kwa Nini! Umeuza mtaa!"

Mechi ikafika mwisho tukiwa sare. Zamu ilikuwa yetu, wawili wetu wameshakuwa out, na msichana wetu mmoja amesimama base ya tatu anangoja kukimbia mpaka home atuletee pointi. Anayeingia kupiga ni Minayo. Akifika first base salama, tumeshinda. Akichelewa, kwisha.

Akasimama upande wa mashoto.

Catcher wa Kawangware, yule anayedaka nyuma ya mpigaji, msichana wa sauti kubwa, akapiga yowe. "Weh! Huyu amepotea njia! Kibera ni kule!"

Uwanja ukacheka. Mpira wa kwanza, hewa. Wa pili, hewa. Ukikosa mitatu uko out, na umebaki mmoja tu. 

Minayo akarudi nyuma kidogo. Akashika bat kwa mkono mmoja, akaitembeza chini chini, kama anakata nyasi. Halafu akarudi mahali pake.

Na kutoka nyuma ya watu, Mama Minayo, mtu wa kwaya, mtu wa Biblia: "Minayo! Watukane!"

Tak!

Mpira ukaenda chini, kasi, upande wa base ya tatu. Msichana wa Kawangware akaudaka vizuri, akaurusha vizuri. Hakukosea chochote. Siku nyingine yoyote Minayo angekuwa out.

Lakini mguu wake ulikuwa tayari umekanyaga base!

Safe!

Sijui niliruka kiasi gani. Najua kiatu changu kimoja sikukipata tena.

Yule mwalimu wa shule ya bweni akaja. "Yule anayesimama upande mbaya anaitwa nani?" Minayo akaja mbio kumsalimia, bat ameshaiokota, iko mkono wa kulia, akanyoosha wa kushoto.

"MINAYO!" Sauti ilitoka ng'ambo ya uwanja.

Bat ikaanguka. Mkono wa kulia ukatokea. Mwalimu akaushika, na Form One ikapatikana hapo hapo.

Somo nililobeba: ukiona umejibu haraka sana kwa sababu umesoma, hilo jibu ndilo la kuuliza kwa nini. Waliohamishwa mkono nyumbani ama shuleni, leteni visa vyenu hapa chini. Watu wa Kawangware, najua bado mna hasira, karibuni pia.

Lakini kabla hamjaandika, hili.

Minayo siku hizi anafundisha wasichana softball. Mwaka jana tu nilimtembelea, akanipa bat, akaniambia nishike kama anayepiga kushoto.

"Sasa coach, achilia mkono wa kushoto. Piga."

Nikapiga. Bat ikazunguka ile njia yake ya kawaida.

"Sasa shika na huo wa kushoto peke yake."

Ikayumba tu.

Anayepiga kushoto, mkono wa mbele, unaovuta bat, ni wa kulia. Ni lile pigo la slasher. Siku ile Toi jibu lilikuwa: kulia, Mama Minayo. Mtoto anapiga na kulia.