Sebule ya Kuazima

Baba yangu ni fundi wa magari mtaa wa Buyenzi. Siku niliyomwambia kwamba mama mmoja wa chuo cha Amerika atatupigia simu ya video, swali lake la kwanza lilikuwa, "Atatuona?" Nikamjibu ndiyo. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, wanafunzi wachache kuliko shule yangu ya sekondari, ila ada yake ilikuwa ya kutisha. Walikuwa wamekwisha kunikubali. Kilichobaki ni msaada wa ada, nao ulitegemea hali ya nyumbani. Mama wa ofisi ya msaada alitaka kuzungumza na mzazi, mimi nitafsiri. Kwenda au kutokwenda kwangu kulitegemea mazungumzo hayo.

Sasa, mgeni wa heshima, hata awe wa kwenye simu, hatumpokei kwenye viti vilivyotoboka. Baba aliazima sebule ya jirani yetu muuza vipuri: makochi meupe, mapazia mazito, televisheni kubwa kama mlango. Alisugua mikono kwa petroli, kisha kwa sabuni, akavaa kanzu ya Ijumaa. Ilikuwa Jumanne. Nilimwona amependeza, sikumkumbusha kwamba msaada hupewa wasio nacho, na hilo ni kosa langu mwenyewe.

Mama yule alikuwa mpole. Aliuliza familia inaweza kuchangia nini kila mwaka. Nikatafsiri. Baba akakaa wima.

"Umuambie, alhamdulillah, kwetu hatukosi kitu. Mi apana mutu wa kulialia. Sehemu yangu nitatoa."

Kwetu ukiulizwa hali, unashukuru. Kuanza kuhesabu shida zako mbele ya mgeni ni aibu, tena ni kama kumnung'unikia Mungu. Mimi nilijua hivyo, baba alijua, na jirani aliyekuwa akichungulia mlangoni alijua. Mama yule tu ndiye hakujua. Ningeweza kusema lolote kwa Kiingereza, nani angenikamata? Lakini baba alikuwa akinitazama kwa fahari ya kumsikia binti yake akiongea kizungu, nikatafsiri neno kwa neno.

Barua ilikuja baada ya wiki chache. Msaada ulikuwepo, lakini sehemu waliyomwandikia baba alipe asingeiweza hata auze gereji na spana zake zote. Tungeweza kuomba wafikirie upya, walisema. Mzazi aandike kwamba hana uwezo, atie sahihi. Nilitembea na karatasi ile kwenye mkoba siku nne. Siku ya tano nilikwenda gereji, nikamkuta chini ya gari, miguu tu ikionekana, anaimba. Sikuweza kumpa kalamu.

"Wamesema nafasi zimejaa," nikamwambia.

"Hawana akili hao," alisema kutoka huko chini.

Nikasoma chuo cha hapa hapa, nikiwa nimepanga chumba mtaa wa Mutanga Sud. Leo nafundisha Kiingereza shule moja ya Gihosha. Wanafunzi wangu wakipigiwa simu kama ile, nawaambia wapokee kwenye viti vyao wenyewe, na nawaambia kwa ukali mpaka wanashangaa.

Niseme wazi, nina upweke. Watu ninao, tena wengi. Lakini kuna jambo moja linalomhusu mtu ninayempenda kuliko wote, na ni yeye hasa nisiyeweza kumwambia. Kila Ijumaa tunakula sahani moja, na mimi niko mbali naye kuliko ambavyo ningekuwa huko Amerika.

Ijumaa iliyopita, katikati ya pilau, aliuliza ghafla, "Ile mambo ya Amerika. Kama ilikuwa ni pesa, ungeniambia, apana? Gereji ningeiuza."

"Ningekuambia, baba. Nafasi zilijaa."

Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea kipande cha nyama kilichobaki.

"Lakini siku ile nilijibu vizuri," alisema.

Hakuwa akiuliza. Nikaila ile nyama.