Nani Aliwaita Kilimani

Dinah Komora alikipanda kilima kile mara ya kwanza akiwa na mtoto mgongoni na kuku wawili kwapani. Ilikuwa mwaka wa El Nino. Mto Tana ulikuwa umekimeza kijiji chao cha ukingoni, karibu na Garsen, na mpunga wote umelala chini ya tope. Juu hapakuwa na kitu ila miiba na ng'ombe wa Duba, mfugaji wa Kiorma. Duba aliwatazama wale watu waliolowa, akaswaga mifugo yake upande wa pili.

"Kaeni," alisema. "Maji yakishuka, mtashuka."

Maji yalishuka, wao hawakushuka. Mahema yakawa vibanda vya udongo, vibanda vikaezekwa mabati. Stima ilipofika, walimu na manesi wakaja kupanga. Wazee walipaita Kwa Duba. Wapangaji wakapaita Milimani, wakatia geti barabarani na kuunda kamati ya wakazi. Dinah akawa anashuka shambani alfajiri, anapanda jioni na dumu la maji kichwani. Miaka ishirini na sita ya mlima ule ilimla magoti.

Mafuriko yaliporudi, familia kumi na moja kutoka kijiji cha Chara, huko bondeni, zilisimama getini na magodoro yao. Kamati ikaitisha kikao.

"Tukiwafungulia leo, kesho hapa ni kambi," alisema Mangi, mwenyekiti, mwenye nyumba sita za kupangisha. "Nani amewaita?"

Dinah hakutaka kusema, alitaka kulala. Hata hivyo alijikuta amesimama.

"Mangi mwanangu, mama yako alikubeba mpaka pale lilipo tangi lako la maji, ukitetemeka kwa homa. Yeye aliitwa na nani?"

Hata hivyo kamati iliamua geti lisifunguliwe.

Basi Dinah alikwenda kwake, akang'oa miiba ya ua wa nyuma, unaopakana na kichaka, akawapitisha huko. Walikaa wiki tano. Choo kilijaa, mahindi ya akiba yakaisha. Nesi Metrine, jirani yake, alileta dawa ya kutibu maji. Wengine walipita kama hawaoni.

Maji yalipopungua, familia nane ziliondoka, tatu zikabaki. Kamati ikamwandikia Dinah barua ya onyo. Bintiye alimsomea mpaka mwisho.

"Iweke hapo," alisema, akachukua jembe. Mteremko ulikuwa bado unateleza, na tope la mpunga halimngoji mtu apumzike.