Mwaka wa Kila Mtu na Sahani Yake

Ismail Aden alikuwa mlaji, na mtu asikudanganye kwamba alikula ovyo. Alikula kwa ufundi. Mtaa mzima wa West Indies, mjini Eldoret, ulilijua tonge lake: alilifinyanga taratibu, akalibonyeza shimo katikati kwa kidole gumba, akachota mchuzi, na likaingia mdomoni lote bila tone kudondoka. Wenzake wa ghala la nafaka, alikoshona magunia ya mahindi na ngano tangu ujana wake, walimtania kwamba hata gunia halijazwi vizuri namna ile. Yeye alicheka tu, akanyoosha mkono tena.

Alizaliwa Isiolo, akafika Eldoret akiwa kijana mdogo nyuma ya ng'ombe wa mjomba wake. Mjomba akauza ng'ombe akarudi, Ismail akabaki. Alipomwoa Rukia alimpa sharti moja: katika nyumba yake hakuna atakayekula peke yake. Kwa majirani zao wanaume walikula kwanza, wanawake na watoto wakafuata. Ismail alikaa na mkewe na binti yao Habiba kuzunguka sinia moja, na waliomsema aliwaacha waseme. Kila jioni alisukuma nyama iliyonona upande wa Rukia akijifanya anatazama mlangoni, na Rukia akairudisha akijifanya hajaona. Basi hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao.

Ni kwenye sinia hilo Rukia aliuona ugonjwa. Ugali ulimkwama mumewe kifuani, akanywa maji, akatulia. Siku zilizofuata matonge yakaanza kupungua ukubwa. Sinia halifichi kitu. Kila mtu ana upande wake, na upande wa Ismail ulikuwa ukibaki na chakula.

"Baba Habiba, siku hizi unakula kama bibi harusi," Rukia alimtania.

"Inakwama hapa," akasema, akijigusa katikati ya kifua. Hakucheka.

Rukia hakungoja. Kesho yake alimpeleka kwenye dispensari ya mtaa, kwa Wanyama, daktari msaidizi kutoka Bungoma ambaye watu wote walimwita daktari, na kwa haki kabisa. Wanyama alimpapasa shingo, akamuuliza kama nguo zake zimeanza kulegea.

"Mzee, hii kitu siipendi," akasema. "Kunywa hii dawa, halafu rudi baada ya wiki mbili. Ikiwa bado inakwama, nitakuandikia uende hospitali kubwa wakupige picha. Usikae nayo nyumbani, umesikia?"

Wiki mbili hazikuwa zimekwisha kipindupindu kilipoingia mjini. Watu walianza kufa Kiplombe, kisha karibu zaidi. Chifu akaita baraza kutangaza kwamba mabaraza yamepigwa marufuku. Maji yachemshwe, matanga yasiwe na chakula, na watu waache kula sahani moja. Vijana wa chama tawala wakazunguka nyumba kwa nyumba wakikagua masufuria kama wao ndio madaktari. Rukia alilitundika sinia ukutani, akanunua sahani za plastiki, kila mtu yake.

Siku ya miadi ilipofika, walikuta mahema uani mwa dispensari na askari langoni.

"Mzee, unaharisha?" askari akauliza.

"Hapana. Ni koo."

"Hauharishi? Basi shukuru Mungu, rudi nyumbani. Hapa ni ya kipindupindu peke yake."

Rukia alipaza sauti juu ya ua. Wanyama aliinua kichwa kutoka kwa mgonjwa, buti zake zimelowa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Mama, saa hii siwezi! Hii ikiisha, mlete. Usisahau, mlete!"

Alimaanisha. Wanyama simlaumu, watu walikuwa wanamfia mikononi. Lakini yule aliyekaa mahali akaamua kwamba magonjwa mengine yote yakae kando yangoje zamu yao, huyo ningependa kumwona uso wake.

Nyumbani, Ismail akawa anabeba sahani yake na kwenda kukaa nje, kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Moshi wa jikoni unamsumbua, alisema. Sahani ilirudi nyeupe. Rukia akashukuru, maana sahani iliyorudi nyeupe ilimwambia kwamba dawa ya Wanyama imefanya kazi. Hata paka wao alinona miezi ile, na Rukia alisema kwa majirani kwamba nyumba yake imebarikiwa, kipindupindu kimepita mlangoni na panya wamejaa mpaka paka anang'aa. Ikiwa Ismail alikuwa anapenda uji na chai ya moto kuliko ugali, majirani walimsifu: huyo ndiye mtu anayefuata amri ya serikali ya kuchemsha maji. Ikiwa alikonda, nani hakukonda mwaka ule?

Halafu mchana mmoja akatapika ghalani. Wenzake wa miaka yote walimkimbia. Vijana wa chama wakamtia kwenye mkokoteni, wakampeleka kwenye mahema, na Rukia akashinda na kukesha kwenye ua akimwomba Mungu kitu kimoja tu: kisiwe kipindupindu. Asubuhi Ismail akatoka kwa miguu yake, na muuguzi mgeni, aliyeletwa kusaidia, akasema, "Mama, huyu hana kipindupindu. Ni mzima. Mpeleke nyumbani."

Rukia alisujudu palepale barabarani, kwenye matope. Alipika wali na nyama, akawagawia majirani, kila mtu na sahani yake. Ismail alishukuru kwa sauti, akachukua yake, akaenda nje. Naye alikuwa ameambiwa ni mzima, na alitaka mno iwe kweli. Utamrudishaje hospitalini mtu aliyetoka huko jana na kuambiwa ni mzima?

Kipindupindu kilikaa miezi mingi. Kilipokwisha, Rukia aliliteremsha sinia, akalisugua kwa majivu mpaka likawaka, akachemsha mbuzi. Wakaketi watatu kama zamani. Ismail akanyoosha mkono, akafinyanga tonge kwa ule ufundi wake, akalibonyeza shimo, akachota mchuzi, akaliweka upande wa Rukia. Akafinyanga la pili, akaliweka upande wa Habiba. Kisha akarudisha mkono wake pajani.

"Na wewe?" Rukia akauliza.

"Nimeshiba kwa kuwaona."

Hapo paka akaingia kwa mlango wa nyuma. Hakwenda kwa Habiba wala kwa Rukia. Alikwenda moja kwa moja ubavuni mwa Ismail, akakaa wima, akatulia kungoja, kama mwenye nyumba anayengoja fungu lake. Rukia alimtazama paka. Akamtazama mumewe. Akamshika mkono, na mkono wa kanzu ukarudi nyuma, na alichokishika kilikuwa mfupa.

"Ya Allah," akasema. "Ismail, umekuwa ukimlisha nani?"

"Sikutaka uogope," akajibu. "Kulikuwa na hofu ya kutosha."

Rukia alimpeleka kwa Wanyama, naye akaandika barua ya hospitali kubwa siku ileile. Huko wakampiga picha, na daktari hakuzunguka: ni saratani, imeziba njia ya chakula na imeshatambaa kwingine. Ingeonwa chakula kilipoanza tu kukwama, angejaribu kupasua. Sasa atamwekea mpira tumboni apitishiwe uji. Ismail, yule mlaji, alikufa kabla ya mvua za masika, na chakula cha mwisho hakukionja kwa ulimi wake.

Wanyama alikuja matangani, akakaa karibu na viatu vya watu. "Mama," akasema, "nilikuambia ikiisha umlete."

"Ilipoisha, daktari, nilimleta."

Walilia wote wawili, na hakuna aliyejificha.

Miaka ikapita, Habiba akaolewa mtaa wa Pioneer, na uvumi wa kipindupindu ukarudi. Chifu akatangaza yaleyale. Rukia hakubisha, alichemsha maji, akatoa sahani za plastiki. Lakini Habiba na mumewe walipomtembelea, aliwaketisha mbele yake, mmoja huku, mmoja kule, na alikataa mtu yeyote kutoka nje na sahani. Akaweka mikono mapajani, akawatazama shingo.

"Mama, chakula chako kinapoa," Habiba akasema.

"Meza kwanza, nione," Rukia akajibu, na Habiba alipomeza, akainuka kwenda kumtoa paka nje na kufunga mlango wa nyuma.